Haragwe la Ishirini na Tisa

Kwa mwanangu Sauda,

Bismillahi. Amani ya Mungu ikufikie huko uliko, wewe na hao wasichana utakaolala nao chumba kimoja, ambao bado sijawajua majina. Najua utaisoma barua hii ukiwa Mbarara kwenye chuo cha ukunga, maana naikunja ndani ya ule mtandio wa kijani ambao huuvai mpaka Ijumaa. Kwa hiyo nakusalimia kama mtu wa mbali, ingawa wakati naandika begi lako liko hapa mlangoni na viatu vyako vimeanikwa juani.

Baba yako anakusalimu. Yuko uani anafunga kamba ya sanduku lako, kamba ile ile aliyoifunga jana na juzi. Twaha anakusalimu na anasema hajahamia kitanda chako, lakini mto wake nimeuona juu yake asubuhi hii. Mwanaisha anakusalimu. Yeye anadhani Mbarara ni duka, ameagiza biskuti. Nyanya yako wa Nabuyoga anakusalimu, ingawa leo ndiyo umekwenda kumuaga na atakuwa amekusalimu kwa mdomo wake, na nina hakika utarudi na karanga za kulisha hospitali nzima. Mama Nekesa jirani anakusalimu sana, anasema yeye atakuombea Jumapili na wewe umuombee Ijumaa, dua zikutane Jumamosi. Hajara na wanawake wote wa turubai la kuchagulia maharagwe wanakusalimu. Hata yule mbuzi mwenye pembe moja tangu asubuhi analala mlangoni pako, sijui nani amemwambia.

Mimi mama yako ni mzima. Niko mzima kuliko nilivyokuwa wiki iliyopita, na sababu unaijua nusu. Nusu nyingine ndiyo imenifanya nikae chini na kalamu. Twaha alitaka kuniandikia kwa sababu mwandiko wangu unapanda na kushuka, mimi darasa la nne ndilo lililonitosha. Nimekataa. Haya si ya kuandikiwa na mtu. Na kwenye simu nitalia, kisha salio litaisha kabla sijafika penyewe.

Mambo ya ndoo, sabuni, na usiwaachie watu godoro lako, sitaandika. Baba yako amekuambia mara tatu, na mara ya nne anajiandaa kukuambia kesho garini.

Jumatatu nilikuambia maneno mawili tu, kwamba siku ile nilikula. Nikashindwa kuendelea. Sasa naendelea.

Unajua mimi nilizaliwa Nabuyoga katika nyumba ya kanisa. Nilisilimu nilipoolewa na baba yako. Watu wake wa Mumias hawakunitukana hata siku moja, Mungu awalipe, lakini Ramadhani yangu ya kwanza shangazi yako mkubwa alikuja kukaa nasi mwezi mzima, na kila saa tisa mchana alikuwa ananitazama midomo. Midomo ikiwa mikavu ananipa tabasamu. Siku moja nilimsikia anamuuliza baba yako, "Huyu wa Nabuyoga ataweza kweli?" Kutoka siku hiyo nikaapa nitaweza. Na niliweza. Lakini mwanangu, niliweza kwa ajili ya macho ya shangazi yako. Hata alipokufa, Mungu amrehemu, macho yake nilibaki nayo.

Mwaka wa siku ile, wewe ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa mwaka wako wa kwanza kufunga mwezi mzima. Na mimi pia, kwa namna yangu, ulikuwa wa kwanza, maana nilikuwa nimechomwa sindano ya kupanga uzazi na siku zangu za mwezi zilikuwa zimekatika. Nikajisifu. Niliwaambia wanawake wa msikitini, nikawaambia wa turubai, nikamwambia hata Mama Nekesa ambaye hakuniuliza: mwaka huu nafunga bila kuruka hata siku moja.

Wewe ulitafuta mikebe miwili ya majani ya chai ukaiweka juu ya kabati. Ukasema, "Huu wangu, huu wa Mama." Kila magharibi tukishafuturu ulikuwa unatia haragwe moja katika kila mkebe. Haragwe za manjano, nilizokuwa nakuletea mfukoni kutoka stoo.

Sasa uzito wa mambo uko hapa. Upande wa Uganda walikuwa wameanza kufunga siku moja mbele yetu. Kwa mtu wa Busia si ajabu. Barabara ni moja, lakini mwezi wanautangaza wakubwa wawili, hawa wanasema umeonekana, hawa wanasema bado. Siku ya kwanza kule wamefunga na huku watu wanakunywa chai. Siku ya mwisho inageuka, kule wanakula Idd na huku tumekaza midomo. Sisi tunaolala upande wa Kenya tulianza na Kenya. Na mimi kazi yangu ilikuwa kule kule Uganda, katika stoo ya Hajati, kuchagua maharagwe.

Ilikuwa siku yetu ya ishirini na tisa. Kule ilikuwa Idd. Hajati alikuwa na lori moja lazima lijae siku hiyo, akatuita wanawake wanne tu, na saa saba akatuletea sinia la pilau kwa sababu tumeacha sikukuu kwa ajili yake. Hajara akanisogezea.

"Mama Sauda, nyoosha mkono."

Nikamwambia, "Mimi nimefunga."

"Umefunga Idd? Hapa iko Idd. Kufunga Idd ni haramu, hata mtoto wa madrasa anajua hiyo."

"Kwetu bado."

"Kwenu wapi?" Hajara akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta. "Wewe umekaa Uganda. Miguu iko Uganda, mikono inachagua maharage ya Uganda. Tumbo peke yake ndiyo imebaki Kenya? Iliombewa pasi?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nami nikacheka. Wakati nacheka nikawa nahesabu upesi upesi moyoni: nimeanza na Kenya waliochelewa, nikimaliza na Uganda waliowahi, hakuna niliyemkosea. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani anaweza kujidanganya hivyo ila sisi wa hapa mpakani. Nikanawa mkono. Sikula kidogo, Sauda. Nilikula mpaka ukoko.

Kama ningekuja nyumbani nikasema, "Jamani, kule ilikuwa Idd, nimekula na wenzangu, siku hii nitailipa," ingekwisha hapo. Baba yako angetania wiki moja. Lakini nilipotoka stoo nilisukutua mdomo kwenye bomba, nikafuta mafuta kwa ncha ya leso, nikafuta tena mpaka midomo ikakauka vizuri. Askari wa geti la stoo akaniita, akanipa ufunguo wa nyumba yetu. Akasema, "Mtoto wako ameuleta saa ile ya kula. Amesimama hapo kidogo, akakataa kuingia, akarudi." Nikachukua ufunguo. Sikuwaza kitu. Nilikuwa nawaza midomo. Na nilipovuka kuja upande wetu nikaanza kutembea polepole, kama mtu mwenye njaa. Hakuna aliyenituma nitembee hivyo.

Jioni tukakaa mkekani. Baba yako akasema, "Mama Sauda leo amechoka kabisa, mwachieni mto." Nikaachiwa mto. Wewe midomo yako ilikuwa myeupe kama imepakwa unga. Tende ilikuwa imebaki moja, ya mwisho ya mwezi, na kwa haki ilikuwa yako. Adhana ilipoanza uliichukua ukanipa mimi. Ukasema, "Anza wewe, Mama."

Nikaipokea. Nikasoma dua yote, tena kwa sauti. Nikala.

Ulinitazama. Nilidhani unaitazama tende.

Usiku ule na kwetu mwezi ukatangazwa. Asubuhi ya Idd nikapanda kiti kuondoa mikebe yako niweke sinia. Kwa majivuno yangu nikaimwaga nihesabu. Mkebe wako ishirini na tisa. Wangu ishirini na nane. Nikahesabu tena. Mimi vidole vyangu havikosei maharagwe, ndiyo kazi yangu. Ishirini na nane. Hapo ndipo nikamkumbuka askari wa geti na maneno yake, kwamba ulisimama kidogo, ukarudi.

Nikarudisha haragwe zote kila moja mahali pake, nikashuka, nikakuvalisha gauni jipya. Nilipoutafuta mkebe wangu siku za mbele sikuuona tena, nikafikiri umeutupa, nikashukuru.

Ningeweza kuilipa siku ile wiki ile ile. Ni siku moja tu. Lakini kuilipa ni kukubali kwamba kuna mtu aliyeona, na mtu mwenyewe alikuwa ananifikia kiunoni. Badala yake nikawa mkali. Nikaongeza sala mbele za watu, nikawa nakaa safu ya kwanza ya wanawake kwenye tarawehe, mbele kabisa, panapoonekana. Na nikakubana wewe. Nilikuwa nakuamsha daku kama askari anavyoamsha mahabusu. Nilikuwa nakunusa mdomo ukitoka shule. Mtu aliyefuta midomo yake mwenyewe ndiye anajua pa kunusa.

Sasa nafika kwenye kofi. Jumatatu sikulitaja. Nilikuwa nataka kulitaja, lakini baba yako na Twaha walirudi kutoka msikitini, nikashika bakuli la uji nikajifanya nauonja. Ndiyo sababu ya barua hii, Sauda. Mengine yote umeshayasikia nusu au umeyaona kwa macho yako. Hili sijawahi kulifungulia mdomo.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ramadhani, saa kumi za mchana. Nikazunguka nyuma ya jiko nikakukuta umechuchumaa na kikombe cha uji wa wimbi. Nikakupiga kofi, kikombe kikaruka, uji ukamwagika kwenye sketi yako ya shule. Twaha alikuwepo. Mama Nekesa alikuwa anaanika nguo upande wake wa ua. Nikasema kwa sauti wasikie wote, "Nyumba hii hailei watu wanaokula mchana."

Ulinitazama vile vile kama siku ya tende. Na ulikuwa na neno moja tu la kuniambia. Neno moja, "Na wewe?", ningeanguka pale pale. Hukulisema. Ulisema, "Samahani, Mama," ukaokota kikombe.

Jioni Mama Nekesa akanijia. Hakukaa. Akaniambia, "Mama Sauda, mtoto ameanza siku zake leo shuleni. Amekuja kwangu kwa sababu anakuogopa. Mimi ndiye nimempa uji. Nimemwambia, mimi si wa dini yenu lakini nimeishi nanyi miaka, najua mwanamke akiwa hivyo amesamehewa kufunga. Kama kuna kosa, nipige mimi."

Mwanangu, fikiria. Binti yangu alikwenda kwa mama wa kanisa kuomba ruhusa ambayo dini yangu mimi ilikuwa imekwisha kumpa. Mwenyezi Mungu alikuwa amekuhurumia, jirani alikuwa amekuhurumia, aliyebaki ni mama yako.

Kesho yake nilikupikia kuku. Nilikupa paja na firigisi. Nikadhani kuku ni samahani. Ulikula, ukasema asante, nikafikiri yamekwisha. Hayakwisha. Kutoka hapo kila Ramadhani siku zako zikifika ulikuwa unakwenda kulala mapema, unanywa maji kwa kujificha, unakuja mkekani na sisi unangoja adhana na midomo mikavu. Nilikuona. Nilitambua ule mwendo, maana ni wangu. Nilikuwa nimekufundisha kufuta midomo.

Sitaki udhani miaka hii yote ilikuwa giza. Kuna kitu kilikuwa kinakua ndani polepole, hata mimi sikukijua. Ile kazi ya turubai ilinisaidia. Unapochagua maharagwe siku nzima, macho yanachoka mapema, vinabaki vidole. Haragwe lililotobolewa na fukusi mara nyingine ni zuri kwa rangi, linang'aa kuliko wenzake, lakini ukilishika ni jepesi. Hapo ndipo unalitupa. Nikaanza, kila ninalolitupa, kusema astaghfirullah. Mwanzo nilikuwa nasema kwa sauti, na Hajara akanisifu, "Mama Sauda siku hizi anatupa maharage na dhambi pamoja." Nikafurahi kusifiwa, kisha nikaona aibu kwamba nimefurahi. Nikaanza kusema kimya. Kimya kikawa kitamu. Kuna siku za Ramadhani nilikuwa nashtukia gunia limekwisha na jua limeshuka, na sikuwa nimewaza njaa wala mtu. Nilikuwa nimekaa na Mola wangu tu, miguu imekufa ganzi. Kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kufunga hivyo, ingawa nilikuwa nimefunga miaka mingi.

Lakini kila nikifika utamu huo, lile haragwe moja linanirudia.

Ramadhani hii ilipoingia ulikuwa umekwisha kupata barua ya chuo. Watu walikuja kunipongeza, mkunga katika nyumba yetu, na mimi nacheka nao huku moyo unauma. Nilikuwa nawaza, Ramadhani ijayo atakuwa peke yake. Hakuna wa kumnusa mdomo. Basi amebeba nini kutoka kwangu? Nikatafuta nione nimekupa nini, sikuona ila ncha ya leso.

Katika lile kumi la mwisho, siku moja baada ya sala ya alasiri, nikamngoja sheikh wetu nje ya madrasa. Nikamweleza yote. Yule mzee hakushangaa. Akaniuliza, "Ulifunga ngapi?" Nikasema ishirini na nane. Akasema, "Hakuna mwezi wa siku ishirini na nane, mama. Wa Uganda hauna, wa Kenya hauna. Lipa siku moja, na kwa kuchelewa kwako lisha maskini mmoja. Hilo la kula limekwisha." Nikashukuru nikataka kuondoka. Akaniita. "Hilo la kukaa mkekani na wenye njaa ukangoja adhana, hilo mimi siwezi kukulipisha. Nenda kwa mtoto."

Kwenda kwa mtoto ilinichukua wiki tatu. Pilau ile haikunichukua hata dakika tatu.

Basi Jumatatu nikafunga. Nyinyi wote mlidhani ni zile sita za Shawwal, baba yako hata akanisifu, nikamwacha. Magharibi tulibaki wawili, wewe na mimi, Mwanaisha amelala. Nikakuambia, "Hii si sita. Ni ile siku moja. Siku ile nilikula, Sauda."

Hukuniuliza siku gani.

Uliinuka ukaingia chumbani, nikasikia unavuta sanduku chini ya kitanda. Nikajua unalia, au unafunga vitu uondoke usiku huo huo. Ukarudi na ule mkebe wangu. Kutu imeula kifuniko. Ukaumwaga mkekani: unga tupu, na maganda. Fukusi walikuwa wamekula matumbo ya haragwe zote wakaacha ngozi. Lakini zilikuwepo. Ukazihesabu kwa kidole mbele yangu, ishirini na nane. Kisha ukachukua haragwe moja zima kwenye gunia la jikoni, ukalitia juu yao.

"Ishirini na tisa," ukasema. "Sasa futuru, uji unapoa."

Nikakuuliza kwa nini ulikaa na mkebe ule miaka tisa. Ukainua mabega. "Niliuficha Baba asije akahesabu."

Sauda, mwanangu. Miaka tisa nilikuwa naogopa kwamba umeniandikia kosa. Kumbe ulikuwa unanisitiri. Mtoto wa miaka kumi, mwenye njaa ya siku nzima, ameona mama yake kwenye sinia, akarudi peke yake njia yote mpaka nyumbani, akanipa tende yake, na baada ya Idd akachukua mkebe akauficha chini ya kitanda ili niheshimiwe na baba yake. Nimesikia mawaidha mengi ya Ramadhani. Hakuna lililonifikia kama lile. Jumatatu nililala usingizi ambao sikuwahi kulala tangu nimeolewa. Baba yako alidhani ninaumwa.

Naye nimemwambia. Jana, wakati anafunga kamba. Sikutaka ubaki na siri yangu peke yako mpaka Mbarara. Alikaza fundo, akasema, "Kumbe pilau ya Hajati ilikuwa tamu kiasi hicho na hukuniletea." Ndiyo yote aliyoyasema. Lakini jioni alipotoka msikitini aliniletea tende, robo kilo nzima, akaziweka mbele yangu.

Kwa hiyo limebaki kofi. Nakuomba msamaha kwa kofi lile. Nakuomba na kwa maneno niliyoyasema watu wakisikia, na kwa ile miaka uliyokunywa maji kwa kujificha ukiwa huna kosa lolote. Leo sikupikii kuku. Nimeandika tu.

Sina mengi ya kukuusia, na wewe umesoma kuliko mimi. Nitakuambia tu ninayoyajua kwa mwili wangu. Huko Uganda wakitangaza mwezi, anza nao na umalize nao, usiangalie sisi huku. Kama siku hiyo wewe umefunga na mimi nakunywa chai, nitainywa nikikuombea. Siku zako zikifika, kula ukiwa umekaa kwenye kiti, na kikombe kiwe mezani. Na wale wasichana watakaokuja kwako wodini siku moja wana mimba na wamefunga kwa kuogopa mama wakwe zao, usiwakemee. Wape maji, uwatetee mlangoni, kama Mama Nekesa alivyotaka kupigwa kwa ajili yako.

Na ikitokea siku umeshindwa tu, bila sababu, umeona chapati na mkono ukaenda, nami nakwambia itatokea, basi kula, kisha niambie, "Mama, leo nilikula." Sitakunusa tena. Nitakuambia siku moja hulipwa kwa siku moja, na yaliyobaki baina yako na Mola wako ni mapana kuliko hii barabara yetu na mageti yake yote. Mimi nilichelewa kujua kwamba Yeye alikuwa ameniona stoo tangu nilipoanza kunawa mkono, na bado akaniachia mtoto kama wewe.

Mkebe nimeuosha, nimeuweka dirishani. Ndani yake nimeacha lile haragwe moja zima. Mwanaisha anauliza litaota lini.

Nasikia sauti yako uani sasa hivi, unamwambia baba yako karanga za Nyanya ni nzito na yeye anasema anajua fundo jingine la kamba. Nakunja hapa kabla hujaingia. Ukiisoma Ijumaa, Jumamosi nataka nisikie. Usinipigie kuniambia "si kitu, Mama". Kama kofi lile limekwisha, niambie limekwisha. Kama bado linauma, niambie linauma, nami nitakaa nalo mpaka utakapokuwa tayari, kama ulivyokaa na mkebe wangu. Lakini lolote liwe, lilete upesi, mama yangu, hata kwa maneno mawili. Mawili yananitosha, nami kwako nilianza na mawili.

Ni mimi mama yako,
Mama Sauda